Isale la Kocha

Ilianza Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, robo ya tatu ya mchezo wa kikapu ikiwa katikati. Nakumbuka saa kwa sababu nilikuwa naitazama ile ya ubaoni ili nisimtazame kaka yangu. Mpira ulikuwa umemponyoka tena, mgeni mmoja akauokota, akaenda kufunga peke yake bila haraka kama mtu anayeweka mkate kabatini. Nyuma yangu mtu akapaza sauti, "Babu, goti linalia mpaka huku!" Ngazi nzima ikacheka.

Kocha akaomba mapumziko. Uwanja wetu pale Moshi hauna paa wala kuta. Ni sakafu ya saruji iliyopakwa rangi, na ngazi za zege upande mmoja tu, kwa hiyo neno likisemwa kwenye benchi la wachezaji, ngazi ya tatu tunalisikia. Mimi hukaa ngazi ya tatu.

"Kaa chini," kocha alimwambia kaka. Wala hakuwa ananong'ona. "Timu haifungwi. Wewe ndiye unafungwa. Umezeeka ukiwa umesimama."

Kaka akakaa. Akajifunika taulo kichwani, nikaona magoti yake tu, lile zima na lile lililofungwa bandeji.

Kaka yangu ana miaka thelathini na moja, mimi kumi na sita. Baba hatunaye, mama anafanya kazi Arusha, kwa hiyo tunaishi kwa bibi huko juu, Kibosho, mimi na yeye na ng'ombe wawili. Kaka ndiye aliyekuwa mchezeshaji wa timu, yule anayeuleta mpira mbele na kuamua nani apewe, tangu timu ilipokuwa vijana wachache tu wanaoazima mpira wa parokia. Ilipoingia ligi ya kulipwa, yeye akawa nahodha. Bibi alikuwa akiwaambia watu sokoni kwamba mjukuu wake ameajiriwa, wakimuuliza kazi gani anasema "ya mjini". Basi msimu huu, mpaka siku ile ya taulo, walikuwa hawajashinda mchezo hata mmoja. Tulikuwa tunashika mkia, na mji mzima ulijua ni kwa nini. Mimi pia nilijua. Sikumwambia mtu, lakini mimi ni mtu wa kutomwambia mtu. Darasani mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, ila linaishia hapa kooni na kukaa chini.

Nafasi ya kaka akaingia kijana wa Holili. Ana miaka ishirini, mrefu, mwembamba. Amekulia pale mpakani akicheza na watoto wa pande zote mbili, na anavyopita katikati ya watu na mpira ungedhani anapita njia za panya. Alipoingia tulikuwa nyuma sana. Robo ya nne ilipokwisha tulikuwa mbele. Watu walisimama juu ya ngazi, wanaume wazima wanakumbatiana, mama wa karanga akasahau sinia lake. Kaka akaondoa taulo akapiga makofi. Alipiga vizuri tu, mikono ikiwa juu watu waione.

Tukashinda na mchezo uliofuata, na uliofuata huo. Sijui niseme vipi jinsi mji unavyobadilika timu ikianza kushinda. Waendesha bodaboda walifunga vitambaa vya rangi ya timu kwenye vioo. Wasichana wa darasa langu, ambao walikuwa hawajui kikapu kina watu wangapi, wakaanza kuniuliza habari za kijana wa Holili, eti ana mchumba? Jumapili moja, baada ya misa, padri akiwa kwenye matangazo akasema tuwaombee vijana wetu wa kikapu ambao Mungu amewainua kutoka mavumbini. Kanisa zima likageuka kututazama, kwa upendo kabisa. Bibi akanyoosha shingo. Kaka alikuwa anasoma namba za nyimbo kwenye ubao, anazisoma na kuzirudia.

Kutoka mavumbini. Njiani kurudi alisema hivyo tu, akacheka kidogo. "Kumbe mimi nilikuwa vumbi."

"Padri hakumaanisha hivyo," bibi akasema.

"Najua, bibi. Lakini ukipiga hesabu ndivyo inavyokuja."

Wiki ile akaacha kwenda mazoezini. Alisema ni goti. Akaanza kukata matawi ya kahawa ambayo yalikuwa hayahitaji kukatwa, akasafisha mfereji wetu mpaka kwa jirani, akabadilisha mlango wa zizi. Timu ikashinda bila yeye hata kuwa benchini. Nilisikiliza mchezo kwenye simu, nyuma ya jiko, sauti nimeiweka chini kabisa, kama vile nasikiliza jambo la aibu. Nilikuwa nafurahi. Ndicho kilichonisumbua zaidi kuliko vyote: furaha ilikuwa inakuja yenyewe, na kila ikija natazama dirishani kama kaka yupo.

Halafu kocha akaja nyumbani.

Ilikuwa jioni, manyunyu yanaanguka, bibi anamenya ndizi za mtori na mimi namsaidia. Kocha si mtu wa huku. Ametokea Mwanza, na msimu ulipoanza alikuwa anakuja kula kwetu mara kwa mara, kwa hiyo njia aliijua. Tulisikia hodi, tukamwona amesimama mlangoni, viatu vimejaa tope, mkono mmoja kauficha mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kocha, mbona umejipaka udongo hivyo, umetoka kulima?"

Akautoa ule mkono. Alikuwa ameshika isale. Huku kwetu mmea huo haukosekani kwenye shamba lolote. Una majani marefu kama ya mahindi, ila magumu zaidi na hayanyauki upesi. Tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo, na kwenye makaburi. Na mtu akimkosea mwenzake, huchukua jani moja la isale akampelekea, na aliyekosewa akiletewa jani hilo halikatai. Anaweza kulia, anaweza kumsema vibaya mpaka jua litue, lakini analipokea, na akishalipokea ile hasira inakuwa si yake tena. Nimeona wanaume waliokimbizana na mapanga wakitulizwa na jani moja.

Lakini kocha hakuleta jani. Alileta mti mzima, na mizizi yake, udongo unadondoka kwenye sakafu ambayo nilikuwa nimetoka kuipiga deki.

"Wachezaji wameniambia, bibi," akasema. "Wamesema ukimkosea Mchagga usiende na maneno, nenda na isale."

"Wamesema vizuri." Bibi alikuwa ameacha kumenya. "Umelitoa wapi?"

"Hapo chini tu, njiani. Yapo mengi."

"Hapo chini wapi? Pale kwenye kona, penye mparachichi?"

"Hapohapo."

Bibi akaweka kisu chini. "Yesu na Maria."

"Nimekosea?"

"Kocha, pale ulipong'oa ndipo shamba langu linapoishia. Marehemu mume wangu na baba yake huyu jirani waligombea kona ile mpaka wakaacha kupeana amani kanisani. Wazee walikuja kulipanda hilo isale mbele ya watu. Hata jani lake mimi mwenyewe siligusi. Na wewe unakuja kuniomba radhi kwa mpaka wangu mwenyewe!"

Kocha alilitazama lile isale kama limemgeukia. "Bibi, mimi ni Msukuma. Kwetu mtu akikosea analeta ng'ombe."

"Sasa si ungeleta ng'ombe!"

Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge, na kocha naye akacheka, kwa woga, na mimi nikajificha nyuma ya mlango wa jiko na bakuli la ndizi kwa sababu nilikuwa nacheka pia na sipendi watu wanione. Kwa hiyo tulikuwa tunacheka wote, kaka alipoingia akitoka zizini.

Kocha akapiga goti, kweli kabisa, kwenye ule udongo alioumwaga, akalinyoosha isale kwa mikono miwili.

"Nilikusema vibaya mbele ya watu," alisema. "Halikuwa neno la kumwambia mtu mzima. Nisamehe, kaka."

Kaka akatua ndoo ya maziwa. Akajifuta mikono kwenye suruali, upande huu na upande huu, polepole. Na hapo ndipo ninaporudi kila mara ninapokumbuka, hapo kabla hajanyoosha mikono. Nilikuwa karibu naye kuliko bibi. Nilijua kuna swali linapaswa kuja kwanza. Lilikuwa kooni kwangu, limekaa kwenye kiti chake cha siku zote.

Akalipokea. Kisha, isale likiwa mikononi mwake tayari, akauliza, "Jumamosi naanza?"

Kocha alibaki amepiga goti. Mvua iliongezeka kwenye bati.

"Nimekuja kwa ajili ya maneno," akasema. "Maneno nilikosea."

"Nafasi hukukosea."

"Nafasi sikukosea, kaka. Lakini nakuhitaji. Yule kijana ana miguu, hana saa kichwani. Wewe unayo."

Kaka akatikisa kichwa kukubali. Angefanya nini? Alikuwa ameshika isale. Angeuliza kwanza, angeweza kusema hapana, au angeweza kusema nipe wiki, au kumfukuza tu kocha wa watu aondoke na tope lake. Alikuwa na haki ya kukasirika angalau mpaka mwisho wa msimu. Bibi akasema "Aika Ruwa," akimshukuru Mungu kwa Kichagga, akaenda kumtafutia kocha kigoda, tukala mtori wote wanne, na kocha akaomba aongezewe.

Lile isale bibi aliamuru liwekwe kwenye ndoo ya maji nyuma ya jiko. Alisema isale lililotumika kuomba radhi halirudishwi ardhini mpaka jambo lake liishe. Sijui kama hiyo ni mila au ni yeye tu. Shimo kule kwenye kona akalifunika kwa majani makavu ya mgomba, jirani asije akaona pengo akapata mawazo.

Kaka alirudi benchini. Na kijana wa Holili akaanza kuja kwetu, siku ambazo hawana mazoezi, wanasimama uani kwenye udongo mgumu, kaka anamkimbiza huku na huku akiwa ameshika fimbo ya kuchungia.

"Mwishoni usiutazame mpira," alikuwa anamwambia. "Mpira unao, hauendi popote. Tazama saa."

"Saa iko wapi hapa, braza?"

"Kuku yule. Akifika kwenye mlango, mchezo umekwisha. Mpaka afike, usikamatwe. Na usiingie kona! Kona ni mchezaji wao wa sita."

"Kuku mwenyewe hatembei!"

"Ndivyo zinavyokuwa dakika za mwisho."

Bibi alikuwa akimwekea yule kijana sahani ya kiburu. Mara ya kwanza alikikagua, akasema, "Bibi, mbona maharage yamepotelea kwenye ndizi?" Bibi akamwambia, "Kula, yatakuonyesha njia. Miguu kama ya korongo, halafu unachagua." Nilitaka sana kumchukia. Ingekuwa rahisi. Lakini alikuwa anaosha sahani yake mwenyewe, na alikuwa ananisalimia bila kunilazimisha kujibu.

Ukafika mchezo wa mwisho nyumbani. Tukishinda tunaingia mzunguko wa mwisho, unaochezwa Dar es Salaam. Tukifungwa msimu umeisha. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta wa jirani, na kilele cha Kibo kilikuwa kimefunguka chote nyuma ya goli la kaskazini, jambo ambalo mama wa karanga alisema ni ishara, ila hakusema ya nini. Bibi hakuja. Alisema kelele zile zinampandishia presha, atasali nyumbani. Kaka asubuhi alifunga bandeji mpya, akapiga pasi jezi yake mwenyewe, hata kola ambayo haikunjiki.

Sitasimulia mchezo wote. Walituongoza, tukawaongoza, wakarudi. Zikiwa zimebaki sekunde chache hivi tulikuwa mbele kwa pointi moja, mpira uko kwao. Nikamwona kocha anageuka kwenye benchi. Akanyoosha kidole.

Kaka akasimama. Akavua fulana ya juu.

Nilielewa, na waliokaa karibu nami wakaelewa pia, kwa sababu hakuna mtu Moshi asiyejua jambo moja la kaka yangu: mitupo ya adhabu hakosi. Wageni wakipoteza mpira watalazimika kutufanyia faulo ili saa isimame, na atakayefanyiwa atapewa mitupo miwili bila mtu wa kumzuia. Goti halihitajiki pale. Kinachohitajika ni mtu asiyetetemeka. Watu wakaanza kumwita, haohao waliomwita babu. "Mzee! Mzee! Mzee!" Akaenda kupiga goti mbele ya meza ya waamuzi, mkono mmoja sakafuni, anasubiri.

Kwenye kikapu mtu haingii mpira ukiwa hai. Lazima usimame kwanza. Itokee faulo, au mpira utoke nje, refa apulize, ndipo mchezaji wa mezani aruhusiwe kuingia. Kaka alihitaji hicho tu, filimbi moja.

Wageni wakatupa, wakakosa. Kijana wa Holili akaruka katikati yao, akaudaka mpira. Na wote watano wakamjia kumkamata, wanamtafuta wampige mkono, wamshike jezi, chochote, ili filimbi ilie. Akawakwepa. Akawazunguka. Wakambana kuelekea kona, hakuingia. Alikuwa hautazami mpira, alikuwa anatazama saa. Akapita mbele ya meza, karibu kabisa na kaka, na nikaona kaka kainua uso, na midomo yake inasema kitu.

Na mimi nilikuwa nimesimama. Sijui nilisimama saa ngapi. Sauti ikanitoka, sauti ambayo sikuitambua, kubwa, ya ajabu, mbele ya watu wote wa Moshi: "Kimbia! Kimbia! Usikubali! Kimbia!"

Alikimbia. Hakuna aliyemgusa. Filimbi iliyolia ilikuwa ya mwisho.

Watu wakamwagika uwanjani. Walipita pande zote za kaka kama maji ya mfereji yanavyolipita jiwe, naye bado amepiga goti mezani, mkono mmoja sakafuni, jezi imenyooka, haina hata tone la jasho. Halafu akasimama akaenda kumkumbatia yule kijana. Nilimwona akimshika kichwa kwa mikono miwili, akicheka. Furaha yake ilikuwa ya kweli. Ningependa isingekuwa ya kweli, ningejua la kufanya nayo.

Tulirudi nyumbani na bodaboda moja mpaka njia inapokuwa mbaya, kisha kwa miguu. Kaka alikuwa anachechemea, na hakuwa amecheza hata dakika moja.

"Nimesikia sauti yako leo," akasema.

Nikaruka jiwe njiani.

"Sikujua unayo."

"Samahani."

"Ya nini? Hata mimi nilimwambia hivyohivyo. Alipopita pale, nilimwambia kimbia." Tukatembea kidogo. "Nimeshamwambia kocha, Dar amchukue mwingine. Benchi la kule naona ni mbali sana kulifuata na goti hili."

Nilitaka kumwambia kwamba filimbi moja tu, moja, ingetosha, na kwamba angefunga mitupo yote miwili, kila mtu anajua. Nilitaka kumwambia siku ile ya mvua lile swali ningeuliza mimi. Nikasema, "Bibi atakuwa ametuwekea chakula." Akasema, "Atakuwa ametuwekea."

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na ng'ombe. Walikuwa wanalia, hawajakamuliwa, na kaka hajawahi kuchelewa kukamua. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Nikakamua mimi, vibaya, yule mweusi akanipiga mkia wa uso. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalitazama lile isale kwenye ndoo. Lilikuwa limetoa mizizi mipya, myeupe, myembamba kama nyuzi, inatafuta udongo ndani ya maji.

Sikumuuliza bibi. Nikachukua ndoo na jembe nikashuka mpaka kwenye kona, penye mparachichi, nikayaondoa majani makavu. Shimo lilikuwa palepale, limejaa mvua. Isale la mpaka halipandwi kwa siri. Lazima wa upande wa pili aone. Nikasimama nikavuta pumzi, nikamwita jirani. Mara ya kwanza haikutoka vizuri. Ya pili akatoka na mswaki mdomoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona asubuhi hivi? Si jana mmeshinda?"

"Tumeshinda."

"Na kaka yako?"

"Amelala." Nikamwonyesha isale. "Liling'oka. Kocha alilichukua kwa kutojua. Nimekuja kulirudisha, nataka uone."

Aliliangalia, akaliangalia shimo, akatema povu pembeni. Akaja taratibu, akaweka kidole cha mguu hatua moja ndani ya shamba letu. "Lilikuwa hapa," akasema.

"Hapana, baba," nikasema, na nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwao. "Lilikuwa hapa."

Nikapiga magoti, nikalitumbukiza shimoni na mizizi yake mipya, nikasukumia udongo kwa mikono yote miwili, naye akiwa amesimama juu yangu, anatazama.